Onyo la kipupwe lisiishie kwenye kasi ya upepo

Mhariri,

Kipupwe kikiingia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huanza kutoa yale maonyo tuliyoyazoea: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2, baridi kali nyanda za juu. Gazeti lako huyachapa, kisha habari hukomea pale pale, kwamba wananchi wachukue tahadhari. Tahadhari gani, hatuambiwi. Nakuandikia kutoka Tanga, mkoa ambao kati ya Juni na Agosti una baridi Lushoto na bahari chafu Pangani, na huko kote watu wanahitaji kuelezwa la kufanya.

Nianze na milimani. Baridi ya Lushoto haimuui mtu mwenye blanketi. Kinachoua ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku, dirisha likafungwa na upenyo wa chini ya mlango ukazibwa kwa kanga. Mkaa unapowaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Mkaa ulioiva, ule mwekundu usio na moshi, ndio watu wanaouamini, kumbe nao unatoa gesi hiyo hiyo. Kuufunika kwa majivu hakusaidii. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu; kwetu hayo yote ni malaria, basi mtu anameza vidonge na kurudi kulala chumba kile kile! Wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja usiku wa baridi, watoke nje kwanza, milango iachwe wazi, kisha waende hospitali hata kama wamepata nafuu. Moto tuuote nje au barazani, na jiko libaki huko huko tukienda kulala.

Sasa pwani. Hizo mita 2 zinawadanganya wengi. Katika utabiri wa bahari, kimo kinachotajwa kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Wimbi moja moja laweza kukaribia mara mbili yake. Nahodha wa Pangani analijua hilo bila kusoma popote, kama anavyojua kwamba maji yakitoka huku upepo ukiyakabili, mawimbi husimama wima na kufuatana kwa karibu. Abiria anayevuka kwenda Unguja na mzigo wake hajui. Meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, ikitoka Dar es Salaam. Kabla ya kuletwa kwetu ilikuwa ikivusha watu Puget Sound, Marekani, maji yaliyokingwa na nchi kavu.

Kwa hiyo onyo la upepo likitoka, naomba mlichape pamoja na maneno haya: jaketi okozi livaliwe na kufungwa kabla ya kung'oa nanga (wengi wetu tumeligeuza mto wa kukalia), mtoto avae la kimo chake, na aliyebaki nchi kavu aachiwe saa ya kutarajia simu, ili akiikosa ajulishe bandari mapema.

Jambo la mwisho ni la wenye vyombo na mamlaka zinazowasimamia. Safari ikiahirishwa kwa sababu ya upepo, nauli irudishwe siku hiyo hiyo bila mabishano. Abiria aliyekwisha kulipa, na hana pesa ya kulala gesti, ndiye wa kwanza kumwambia nahodha kwamba bahari si mbaya hivyo.

Msomaji wako,
Tanga