Barua ya wazi kwa vijana wa mtaa wetu: yule mama hakuwatukana

Wanangu na wajukuu zangu,

Salaam kwenu nyote. Nina uchungu na sitauficha. Wiki iliyopita tulimzika mzee mwenzetu, Mngoni mwenzangu wa Songea, aliyeishi nasi hapa Morogoro tangu enzi za viwanda. Gari la maiti lilipowashwa, mama mmoja Mhehe alitokea nyuma ya turubai amevaa kofia ya marehemu, ameshika fimbo yake, anaburuta mguu wa kushoto kama alivyokuwa akiuburuta mwenyewe. Akajilaza mbele ya gari. "Hapiti mtu hapa mpaka Wangoni mnilipe! Huyu kaondoka na deni langu!" Sisi wazee tulicheka huku machozi yanatutoka. Nyinyi mkamkamata, wawili mikono, mmoja miguu, mkamtupa kando ya mtaro. Mwingine akarekodi, na jioni video ikasambazwa kwenye kundi la mtaa: "ukabila msibani".

Mama yule alikuwapo tangu usiku wa kwanza. Nilimkuta alfajiri akisugua masufuria kwa majivu, peke yake, wenye msiba wamelala. Maji ya kumwogeshea marehemu aliyachota yeye. Kati yenu mliombeba mzobemzobe, nani alibeba ndoo hata moja?

Yule ni mtani wetu. Wazazi wenu hawakuwaeleza, basi nieleze mimi. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880. Waliuana sana, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Babu zetu wangeweza kuturithisha kisasi, wakaturithisha utani. Mhehe ana ruhusa ya kuniambia neno ambalo ndugu yangu wa tumbo moja hathubutu, nami siruhusiwi kununa. Ila ruhusa hiyo inalipiwa. Nikifiwa, lazima aje. Atachimba kaburi, atapika, ataosha vyombo, na atawanyamazisha wanaoanza kugombania shamba kabla maiti haijatoka ndani. Mfiwa hawezi kumkemea shangazi yake siku ya msiba. Mtani anaweza, tena mbele za watu, na shangazi atanyamaza. Wanyamwezi na Wazaramo nao ni vivyo hivyo. Utani wao ulikomaa katika njia ya misafara kati ya Tabora na pwani, ambako mpagazi aliyechoka alihitaji mwenyeji wa kumpa maji, na mwenyeji alihitaji uhakika kwamba mgeni hatamdhuru.

Sasa jitazameni nyinyi. Mnaomwita yule mama mkabila ndio hao hao ninaosoma maneno yenu kwenye simu uchaguzi ukikaribia, au msichana wa watu akimwacha mmoja wenu: kabila hili wezi, kabila lile wachawi, wale wa mkoa fulani si wa kuoa. Mkiulizwa mnajibu, "Utani tu, bibi." Hapana! Huyo unayemtukana hujui kwao. Hujawahi kumchotea maji, akifiwa kesho hutakwenda, na ukimuudhi hakuna mzee wa kukutoza faini. Asiyeshika sepetu kwenye kaburi la watu hana ruhusa ya kuwatania.

Nilikuja mji huu nikiwa msichana, viwanda vikitafuta mikono. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na choo kimoja, na mwenye nyumba alikuwa Mluguru. Wapangaji walikuwa Wapogoro, Wachaga, Wasukuma na sisi. Msidhani tulipendana saa zote. Tuligombania kamba ya kuanikia nguo, tukagombania zamu ya kusafisha choo, na maneno makali yalitoka. Lakini mwanangu alipopatwa na degedege usiku wa manane, aliyembeba mgongoni hadi hospitali ni baba mmoja Mchaga ambaye kwa siku kadhaa tulikuwa hatusemezani. Hakuniuliza chochote. Alivaa shati mlangoni huku anatembea. Wanangu, ndiyo maana nawasumbua kwa barua ndefu namna hii: najua mnaweza kuishi hivyo, kwa kuwa wazazi wenu walilelewa katika nyua hizo hizo.

Mengine nayataja tu. Muiteni Mwislamu achinje hata kama wenye shughuli wote ni Wakristo, ili wageni wale sinia moja. Ni desturi yetu ya miaka mingi, na Februari 2013 huko Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ulimtoa uhai mchungaji. Binti akileta mchumba wa kabila jingine, ulizeni tabia yake kwanza. Msimcheke mtu kwa lafudhi ya kwao. Ukijenga ukuta, jirani ajue pa kubisha hodi.

Wakubwa wa nchi nao wasikie. Zamani kijana wa Songea alipangiwa sekondari Tabora, wa Bukoba akaletwa Morogoro, kisha wakakutana tena JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Mafunzo ya lazima yalisitishwa 1994, yakarudishwa 2013, lakini hayawafikii vijana wote. Sekondari za kata zimewapa elimu watoto wengi wa maskini, nami nashukuru kwa hilo. Ila leo mtoto anaweza kumaliza kidato cha nne bila kulala bweni moja na mtu wa mkoa mwingine, na mtoto wa tajiri akamaliza bila kukaa dawati moja na mtoto wa mama lishe. Halafu tunashangaa wakiogopana.

Na utani hauwezi kubeba kila mzigo. Humu humu mkoani kwetu, Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, Kilosa, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Watu wakasema ni Wamasai na makabila mengine. Chini yake ilikuwa ardhi: bonde lenye maji ambalo mmoja anataka kulilima na mwingine kulisha ng'ombe, na viongozi wanaopokea rushwa kutoka pande zote mbili huku kesi zikilala. Hapo usilete masihara. Panahitajika mipaka inayoeleweka na mtu wa kuisimamia kwa haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi yake. Nyinyi mnaokwenda kulima huko msimu wa mvua, hudhurieni mikutano hiyo badala ya kurudi mjini na hadithi za kabila fulani.

Namalizia na jambo lililo mikononi mwenu. Nimeletewa rasimu ya katiba ya kikundi chenu cha kufa na kuzikana, na kuna kifungu kinachotaka mwanachama awe "mzawa wa Ruvuma". Yule Mpare wa genge, anayewakopesha nyanya na unga mpaka mwisho wa mwezi, atazikwa na nani? Jumapili mnakutana kwa mwenyekiti, nami nitakuja. Mkikifuta kifungu hicho, nitalipa ada yangu, naye atalipa yake papo hapo, maana nimeshaongea naye na yuko tayari kujiunga. Kikibaki, sitajiunga.

Ni mimi bibi yenu.