Kabla hujaupandisha mkataba wako kwenye blokcheni, tuonyeshe

Mteja wetu mmoja, mwenye kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro, alifika ofisini kwetu hapa Arusha, tunapokagua mikataba ya kidijitali, siku ya Jumatano akitaka mkataba wake uwe hewani Ijumaa. Wazo lake tulilipenda. Wageni wa kundi moja wanalipa amana kwa USDC, ile sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Hela inakaa ndani ya mkataba. Siku ya safari ikifika, inakwenda kwa kampuni. Safari ikiahirishwa, inarudi kwa wageni bila mtu kuanza kukimbizana na benki.

Mkataba wa namna hii, smati kontrakti kwa jina lililozoeleka, ni programu. Huu uliandikwa kwa lugha ya Solidity, kwa ajili ya Ethereum, mojawapo ya blokcheni, yaani daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi. Ukishapandishwa, msimbo wake, yaani maandishi ya programu, hauhaririwi. Unaweza kuujenga tangu mwanzo kwa namna ya kuruhusu toleo jipya, lakini hapo swali linahamia kwa aliyeshika ufunguo wa kubadilisha toleo, maana huyo ndiye mwenye hela zote.

Kosa la kwanza tulilolikuta lilikuwa jepesi. USDC ina tarakimu 6 baada ya nukta, etha, sarafu ya Ethereum yenyewe, ina 18. Mwandishi wa msimbo aliweka bei kwa hesabu ya etha, hivyo mgeni angedaiwa amana mara trilioni moja ya ile halisi. Kosa kama hilo linajitangaza lenyewe siku ya kwanza.

La pili lilikuwa limejificha. Kulikuwa na kifungu kilichoitwa rudishaWote. Ukikiita, kinapita kwenye orodha ya wageni mmoja mmoja na kumtumia kila mtu amana yake. Ukikisoma haraka hukioni ubaya. Sisi tukauliza: je, mmoja wao akishindwa kupokea? Circle, kampuni inayotoa USDC, ina uwezo wa kuifungia anwani yoyote, yaani namba ya pochi ya kidijitali ya mtu, na anwani iliyofungiwa haipokei wala haitumi. Tukaunda sarafu ya bandia yenye tabia hiyo, tukatengeneza pochi 12 za majaribio, tukaifungia ya saba, kisha tukaita rudishaWote. Hakuna aliyepata hata senti. Wale sita wa mwanzo ambao zamu yao ilishapita nao walinyang'anywa, kwa sababu kwenye Ethereum muamala ni mmoja: ukikwama mahali popote, wote unarudi nyuma kana kwamba haukuwahi kuanza. Tukarudia, ikawa vilevile. Na mkataba haukuwa na mlango mwingine wa kutolea hela. Mgeni mmoja mwenye matatizo yake huko kwao angezifunga amana za watu 11, na mwenye kampuni angebaki kuwaandikia barua za kuomba radhi.

Dawa yake ni kuacha kuwagawia watu. Mkataba uandike tu kwamba fulani anadai kiasi fulani, halafu kila mmoja aje achukue chake mwenyewe. Wa saba akishindwa, anashindwa peke yake.

Hapo kwenye kuchukua ndipo palipotokea kisa ambacho kila mkaguzi wa mikataba hii anakijua. Fikiria kikoba ambacho mwekahazina humpa mwanachama hela kwanza, ndipo afungue daftari na kulikata jina. Mwanachama mjanja anapokea, na kabla kalamu haijagusa karatasi anasema, "Nipe changu." Mwekahazina anatazama daftari, jina bado lipo, anampa tena. Na tena. Juni 2016 mfuko ulioitwa The DAO ulichotwa etha zipatazo milioni 3.6 kwa mtindo huu. Ilibidi Ethereum yenyewe igawanyike mwezi uliofuata ili hela zirudishwe, na waliokataa uamuzi huo wakabaki na blokcheni ya zamani, inayoitwa Ethereum Classic. Kata jina kwanza, lipa baadaye: mpangilio wa mistari michache tu.

Sasa nieleze kwa nini hatuombi msimbo peke yake. Zipo programu za kukagua, kwa mfano Slither na Mythril, tunazitumia kila siku, na kosa la daftari huwa zinaliona ndani ya muda mfupi. Wateja wengine hutuletea ripoti ya programu hizo ikiwa safi na kuuliza sisi tutaongeza nini. Tatizo ni kwamba programu haijui mlikubaliana nini. Kikundi kimoja cha akiba kilituletea mkataba ambao mhasibu aliweza kutoa hela peke yake. Kwa kompyuta hilo si kosa hata kidogo, mtu mwenye ruhusa katumia ruhusa yake. Lakini kwenye katiba yao ya karatasi, iliyopigwa muhuri, kutoa hela kunahitaji sahihi tatu. Tuligundua kwa sababu tuliomba kuisoma.

Suala la nani ana ruhusa gani ndilo tunalolipa muda mwingi kuliko jingine. Novemba 2017 pochi za pamoja za kampuni ya Parity zilitegemea mkataba mmoja wa maktaba, yaani wenye msimbo ambao pochi zote ziliutumia, na ambao haukuwa umewekewa mmiliki. Mtu akajifanya mmiliki, kisha akaufuta. Zaidi ya etha 500,000 zilikwama, na zimekwama hadi leo. Hakuna aliyezipata, hata yeye.

Kwa hiyo ukija, njoo na kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida: nani anaweka hela, nani anatoa, lini, na kitu gani hakitakiwi kutokea kamwe. Hicho cha mwisho ndicho muhimu zaidi, na ndicho watu husahau. Kaa na wenzako mkiandike kabla ya kumlipa mwandishi wa msimbo. Funguo zako za siri usitutumie, hatuzihitaji. Hatuuzi sarafu wala hatutoi cheti cha kwamba mkataba wako hauibiki; tunakupa orodha ya tuliyoyajaribu, tuliyoyakuta, na tusiyoyagusa. Upande wa sheria muone mwanasheria mapema, maana Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini.

Yule wa Kilimanjaro hakupandisha mkataba Ijumaa. Alirudi na msimbo mpya, tukaujaribu upya wote, siyo mistari iliyobadilika tu. Pochi ya saba ilikataa kupokea kama tulivyoipanga, nyingine 11 zikachukua hela zao, na jaribio hilo sasa tunaliendesha kwenye kila mkataba unaoingia hapa ukiwa na kifungu cha kurudisha amana.