Jumamosi: njoo na zoezi moja
Walimu wenzangu, habari za jioni. Tunakutana Jumamosi saa nne asubuhi, chumba cha kompyuta cha maktaba. Mnaotokea Thika Road, tafadhali ondokeni mapema.

Kila mmoja aje na zoezi moja la muhula huu. Tutaliandika upya pamoja na mkutubi, ili mwanafunzi aeleze alitafuta makala kwa maneno gani, na kwa nini aliamini chanzo hiki akaacha kile. Ile ziara ya maktaba ya wiki ya kwanza haitoshi. Wanafunzi wanaonyeshwa rafu kabla hawajawa na swali! Vyuo vyetu hulipia majarida ya mtandaoni kwa pamoja kupitia KLISC, muungano wa maktaba za Kenya, na inaniuma yakikaa bila kusomwa.

Msisahau nywila zenu za maktaba.