Kwa mdogo wangu wa Kariakoo: hao punda ndio baba zetu

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Mama hajambo. Presha imeshuka, ila mguu bado unavimba kila jioni. Ile dawa uliyosema utaituma kwa basi haijafika, na yeye hataki nikuulize.

Nakuandikia hapa kwa kuwa simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma halafu kimya. Tena ulilolisema juu ya wazee wetu na vita walivyokwenda, ulilisema mbele za watu. Basi na jibu lake watu walisikie.

Unajua nazungumzia siku gani. Hitma ya arobaini ya baba imeshasomwa, watu wameshakula, masinia yanaoshwa uani. Mama akalivuta lile sanduku la chuma kutoka chini ya kitanda, akawaita wajukuu. Upande wa ndani wa kifuniko kuna yale majina ya wenzake baba waliofia vitani Uganda. Rangi ya buluu, herufi kubwa zilizolalia kushoto, na jina la mwisho limebanwa pembeni kwa sababu nafasi ilikwisha. Mama kusoma hajui vizuri, lakini majina yale anayajua kwa mpangilio wake, kwa miaka yote aliyomsikia baba akiyataja kwenye dua. Akawa anaweka kidole, anataja. Watoto wametulia kabisa. Mwanao yuko mbele yao, kachuchumaa.

Ukaingia. Ukasimama ukasikiliza kidogo. Kisha ukakifunga kile kifuniko kwa mguu, mama akawahi kutoa kidole, ukasema: "Ukoo huu umeshatoa punda wa kutosha."

Kwa mguu, mdogo wangu. Maneno ningeweza kuyasamehe. Mtu mwenye msiba husema asiyoyakusudia, na najua baba alikulea kwa ukali ambao mimi, mtoto wa kike, sikuupata. Lakini ule mguu kila nikifagia chumba cha mama nauona.

Sasa tuwazungumze hao punda, maana naona hukuwahi kukaa nao.

Babu yake baba alitolewa Bondei na watu wa Mjerumani, akatiwa mzigo kichwani. Kila mgeni anayekuja Tanga husimuliwa nyuki wa Novemba 1914, jinsi walivyowavamia askari wa Mwingereza walioteremshwa Ras Kazone wakitokea India. Nyuki wanakumbukwa. Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Mjerumani ana vitabu vyake. Aliyebeba risasi na unga wa jeshi kutoka kwetu hana kaburi tunalolijua. Mwingereza alipoitwaa Tanga Julai 1916 yeye alikuwa hai bado, akachukuliwa tena, safari hii na jeshi lile lingine, na hakurudi. Wapagazi wa vita ile waliuawa na kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Babu alikua hamjui baba yake kwa sura.

Na wewe duka lako liko wapi? Liko Kariakoo, pale pale Waingereza walipoweka kambi ya wapagazi walipokwisha kuichukua Dar es Salaam. Ukienda Posta unapita kwenye Sanamu ya Askari. Siku moja shuka kwenye bodaboda usome yaliyoandikwa chini yake. Mwaka 1927, Mwingereza mwenyewe, pamoja na yote aliyotutenda, aliona haya kumtaja askari bila ya mchukuzi. Wachukuzi wametajwa pale kuwa miguu na mikono ya jeshi. Wewe mjukuu wao unawaita punda.

Babu naye akaingia Keya, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa huku kwetu. Unakumbuka alivyokuwa hataki kabisa kusikia mvua kubwa ya usiku juu ya bati? Mwaka 1944 walikuwa Bama, Myanmar ya leo, wametoka Ceylon, ndiyo Sri Lanka, wanakata Bonde la Kabaw kwenda mto Chindwin katikati ya mvua za huko. Malori yalizama kwenye tope, mizigo ikahamia migongoni. Alipigana na Mjapani ambaye hakumkosea lolote, kwa ajili ya mfalme ambaye hakumjua. Hapo nakubaliana na wewe, na nilikwambia hivyo hata baba alipokuwa hai: vita ile haikuwa yetu. Lakini kutokuwa yetu vita hakumfanyi babu kuwa si wetu.

Ya baba ilikuwa yetu. Hapo sitakubembeleza. Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Kagera, watu wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu akasema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Baba alikuwa mgambo tu, mkata mkonge, na alikuwa na mke na mtoto mchanga, ndiye mimi. Akaenda. Mutukula, Masaka, Lukaya, mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, na sehemu kubwa ya njia hiyo kwa miguu, na kile chuma cha kukalia mzinga wa mota begani. Lile sugu la bega la kushoto ulikuwa ukilichezea ulipokuwa mdogo, ukimuuliza kama linauma. Alikuwa anakwambia haliumi. Liliuma mpaka mwisho, mimi ndiye niliyekuwa namkanda.

Unasema serikali haikumpa kitu. Ni kweli alirudi kwenye mkonge kama alivyoondoka. Unasema tarehe 25 Julai mashada huwekwa na wakubwa, na sisi tunaangalia kwenye televisheni. Ni kweli pia. Lakini je, ndiyo sababu na sisi tumnyime? Alichotaka baba ni yale majina yasomwe. Hakutaka pensheni kwako, hakutaka nyumba. Kuyasoma majina hakuchukui hata dakika tano.

Najua kilichokutia hofu. Desemba 2017, baada ya walinda amani wetu kushambuliwa Semuliki, ile miili 14 ya vijana wetu ilipoletwa kutoka Kongo, ulinipigia usiku ukilia, mwanao bado yuko shule. Sijalisahau hilo. Ukaniambia, "Dada, mimi wangu simtoi." Nikakwambia Mungu ni mkubwa. Sikukwambia zaidi ya hapo, na leo unawaambia watu kwamba nilikubali halafu nikakugeuka.

Sikukugeuka. Mwanao alimaliza kidato cha sita, akaenda JKT kama wenzake kwa mujibu wa sheria, akarudi kakomaa, anaamka kabla ya adhana, anatandika kitanda chake. Aliponiambia anataka kubaki jeshini nilimwambia azungumze na baba yake. Alizungumza na wewe. Ulimkatia simu. Akaja kwangu Ngamiani na begi lake, akakaa kwenye ngazi mpaka niliporudi sokoni. Ulitaka nimfanyeje, nimfungie mlango mtoto wa ndugu yangu wa tumbo moja? Nilimpikia, nikampa nauli, na mama akamsomea dua. Ningemnyima nauli angekwenda kwa miguu. Watu wa nyumba hii kutembea wanajua.

Na kuna jambo hutaki kuliona. Babu yake baba alichukuliwa kwa nguvu. Babu alikwenda kwa sababu ya kodi na umaskini. Baba aliitwa akaitika. Huyu mwanao ndiye wa kwanza katika ukoo wetu aliyekaa, akafikiri, akachagua mwenyewe. Unamwitaje punda huyo? Mimi ningekuwa ndiye baba yake ningetembea kifua mbele hapo Kariakoo.

Nakushauri kama dada yako mkubwa: hofu ya mzazi mwambie mtoto kwa jina lake, mwambie unaogopa. Usiivishe nguo ya dharau. Mimi nilipoogopa nilimwambia naogopa, akacheka, akanishika mkono. Ndiyo maana mambo yake ananiambia mimi. Usinionee wivu kwa hilo, nimelipata kwa kufungua mlango.

Ameshakula kiapo. Mwezi ujao anapata likizo, anakuja Tanga, na mama anataka siku hiyo tumsomee baba hitma, sanduku likiwa wazi sebuleni. Mchele upo, mbuzi nimeshamlipia, usilete kitu. Ukija, majina utayasoma wewe, mama ndivyo alivyosema, nami nilibisha akanikataza.

Mimi usinipigie kwanza. Mpigie mwanao. Namba yake haijabadilika.

Dada yako,
Ngamiani, Tanga