Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Malezi na Nidhamu katika Shule Zetu za Sekondari

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mhazini, na kumbukumbu za mkutano uliopita mmekwishazipata. Mimi nitazungumzia jambo lililobeba sehemu kubwa ya kazi yetu mwaka huu: namna shule zinavyoandika makosa ya wanafunzi, na namna zinavyoyasoma.

Kanuni za Tanzania za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 ziko wazi. Viboko visizidi vinne. Achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Kila adhabu iandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la mwalimu, kisha mkuu atie sahihi. Kitabu kipo karibu kila shule, ila wengi hukijaza mwisho wa wiki kwa kukumbukakumbuka, na adhabu ya papo kwa papo darasani haiingii kabisa. Hilo ni kosa la mwalimu, si la mwanafunzi, na tulikemee.

Kitabu kikijazwa siku hiyohiyo, kikawekwa kando ya daftari la mahudhurio, chanzo huanza kuonekana. Anayekosa shule kila siku ya mnada yumkini ametumwa kuuza. Msichana anayekosa shule siku nne au tano kila mwezi kwa mpangilio uleule, kagueni choo kwanza: kina maji? Mlango una komeo? Ugomvi na usingizi vikijazana vipindi vya mwisho, ulizeni kama watoto wamekula chochote tangu asubuhi. Mkiwachapa bila kuuliza, wiki ijayo majina yaleyale yanarudi kitabuni.

Kwa makosa mazito, kamati ya chama inasisitiza utaratibu huu. Kila mhusika aandike maelezo yake peke yake, kabla hawajapatana la kusema. Mwalimu aliyeshuhudia aandike alichokiona, si alichosikia. Mwalimu wa darasa aongeze anachojua kuhusu nyumbani. Ndipo kamati ya nidhamu ya shule ikae, mzazi akiwa ameitwa, na mapendekezo yaende kwa mkuu wa shule na, ikibidi, Bodi ya Shule. Kuadhibu darasa zima kwa sababu mkosaji hajulikani kunawafundisha watoto kuficha.

Mwalimu wa nidhamu asiwe ndiye mnasihi, yaani mwalimu wa ushauri. Mtoto hawezi kumfungulia moyo asubuhi mtu atakayeshika fimbo mchana. Daftari la unasihi litumie namba badala ya majina na lifungiwe kabatini.

Siri hiyo ina mpaka. Mtoto akieleza kwamba amebakwa au anafanyiwa ukatili, msikilizeni mara moja tu, andikeni kwa maneno yake mwenyewe, msimrudishe kueleza upya kwa kila mwalimu. Mjulisheni mkuu, afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo. Simu ya msaada kwa watoto, 116, ipo pia. Aliyebakwa afike hospitali haraka, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Na msikubali kamwe shauri limalizwe kifamilia.

Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unawaruhusu walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi masomoni. Wanaporudi, mnasihi aonane nao wiki ya kwanza, kabla maneno ya darasani hayajawakimbiza tena.

Kabla ya shule kufunguliwa Januari, kila shule ituletee majina mawili, la mwalimu wa nidhamu na la mnasihi. Mafunzo ya utunzaji wa madaftari yataanza na shule za bweni. Huko mengi hutokea usiku, na matroni au patroni ndiye huyaona wa kwanza, ilhali hajapewa hata daftari la kuyaandikia.