Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Filta Kwanza, Darubini Baadaye

Asalam aleikum wanachama wote wa chama chetu cha kutazama nyota, wa Malindi mjini, Watamu na Ngomeni. Hesabu mweka hazina atawasomea mwenyewe, michango imeingia japo polepole, na wageni waliojiunga, karibuni sana. Mimi nataka tukae kwa jambo moja tu, filta ya infraredi, yaani kioo kinachopitisha sehemu tu ya ule mwanga wa mawimbi marefu kuliko mwekundu ambao macho hayauoni, manake ndilo lililotushughulisha mwaka mzima na kuna pesa tunaiombea ruhusa.

Wengi mnataka darubini kubwa kwanza. Mimi napinga, nasema waziwazi. Infraredi inazuiwa sana na mvuke wa maji hewani, na sisi wa pwani mvuke ndo tunaoishi nao, masika ndo usiseme. Hewa inaacha nafasi chache tu za kupita, ndo zikatoka filta za J, H na K, kila moja na nafasi yake, karibu mikroni 1.25, 1.65 na 2.2 za urefu wa wimbi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Sasa filta za zamani zilikuwa pana, kingo zake zinaingia kwenye mvuke, basi nyota ileile ukiipima usiku mkavu na usiku wa unyevu unapata namba mbili. Filta mpya za Mauna Kea, mlima wa darubini kule Hawaii, ambazo vipimo vyake vilichapishwa 2002, zikabanwa, mwanga unapungua kidogo lakini kipimo unakiamini. Na kule Hawaii ni juu ya mlima wa mita 4,200 hivi, sembuse sisi tulio usawa wa bahari!

Kamera yetu ni ya silikoni, haioni mbali zaidi ya mikroni 1.1 hivi, kwa hivyo J, H na K haizifikii, lakini shida ya mvuke ni ileile. Filta rahisi zinazoanza nanomita 850 (nanomita 1,000 ni mikroni 1) huku juu ziko wazi, zinameza bendi ya mvuke ya karibu 940 yote. Tunataka inayofunga kabla ya 900. Hiyo hujengwa kwa matabaka membamba ya vitu viwili vinavyopishana, kila tabaka karibu robo ya wimbi, na mwanga lazima uingie wima, filta ikiinama kingo zake zinasogea kwenye mawimbi mafupi, vijana wa kufunga vifaa hapo muwe makini sana tafadhali.

Setilaiti ya Uhuru, ya kupima eksirei za angani, iliporushwa hapo Ngomeni Disemba 12, 1970 ilibidi iende juu, manake hewa inazizuia eksirei hizo, hazifiki chini kabisa. Infraredi kiasi inafika, hicho kiasi tukipime sawasawa.

Kwa hivyo kamati inaomba kura zenu leo, pesa ya mwaka huu iende kwa filta. Na wale wanaoandika unyevu wa kila usiku kwenye daftari, shukran sana, endeleeni.