Bendi ya mchana kwa watoto irudi

Mhariri,

Kila zikikaribia sikukuu nasikia polisi wakitangaza kwamba disko toto ni marufuku. Siwapingi. Sote tunakumbuka Tabora, siku ya Idd mwaka 2008, watoto wapatao 20 walivyokufa kwenye ukumbi wa disko uliojazwa kupita kiasi. Mimi ni mama na sasa ni bibi. Sitaki mjukuu wangu afungiwe kwenye chumba kisicho na hewa. Ila naomba nafasi kidogo nieleze nilichokiona mwenyewe siku ya pili ya Krismasi mwaka 1984, hapa hapa Kirumba, nikiwa na miaka tisa.

Mjomba wangu alikuwa mchukuzi stesheni. Bendi ilikuja na treni kutoka Dar es Salaam, ikapinda pale Tabora kuja huku kwetu, na yeye alikuwa mmoja wa waliokodiwa kusomba vyombo. Malipo yake yakawa vijisenti na ruhusa ya kuingiza watoto wawili bure kwenye onyesho la mchana. (Jina la bendi nalihifadhi. Ilishasambaratika zamani, na nikilitaja tu hapa sokoni wazee wanaanza kubishana nani alikuwa mwanzilishi, dagaa hawauziki.)

Bara wakati huo televisheni hakuna. Ilikuja mwaka 1994. Muziki ulikuwa redio, na redio ilikuwa betri, na betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati ili zitupe japo Mama na Mwana na salamu za jioni. Kwa hiyo nyimbo nilizijua neno kwa neno, lakini gitaa la umeme sikuwahi kulitia machoni. Ngoma nilizijua, nani wa Usukumani asiyezijua? Baada ya mavuno vyama vya ngoma, Wagika na Wagalu, vilishindana mchana kweupe, sisi watoto tumekaa mbele kabisa, vumbi lao lote letu. Ila ile sauti nyembamba iliyokuwa ikilia redioni, inapanda na kushuka kama mtu anayebembeleza, mimi nilidhani ni ya mwanamke.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ua wa baa uliozungushiwa mabati, juu wazi. Spika zilinizidi kimo. Wanamuziki walivaa suruali za bugaluu, ambazo nadhani Dar zilishapitwa na wakati, sisi hatukujua. Besi ilipoanza nilijishika kifua nikamwambia mjomba naumwa. Akacheka mpaka akakaa chini.

Wimbo wa pili au wa tatu, wameshaingia kwenye chemko, pale wimbo unapokolea, umeme ukakatika. Magitaa yote matatu yalizimika kwa mpigo, na yule mwanamke wangu wa redioni akanyamaza kama aliyezibwa mdomo. Waimbaji midomo inacheza, sauti haisikiki. Lakini tumba haikusimama. Drams hazikusimama. Wapiga tarumbeta wawili wakashuka jukwaani hadi katikati yetu, wanapuliza vilevile, mashavu yamevimba kama chura, na ua mzima, watoto na mama zao, tukaitikia wenyewe. Nilikuwa karibu nao kiasi cha kuona mate yakidondoka kwenye tarumbeta. Umeme uliporudi yule mwanamke akaanza kulia tena, ndipo nikamwona: mzee mmoja mfupi, kafumba macho, vidole vya mkono wa kushoto vinatambaa kwenye shingo ya gitaa kama kaa wa ziwani.

Wakati wa mapumziko nilimkuta anahangaika, kakata uzi. Enzi hizo hata sabuni ni ya foleni, uzi wa gitaa angeutoa wapi? Nikamwamkia, nikachomoa mshipi wa kuvulia samaki mfukoni, maana watoto wa huku mwaloni hatukukosa mshipi, nikampa. Aliuvuta kidogo akaurudisha. "Ahsante mwanangu, lakini gitaa hili linakula chuma tu." Akaniinamishia, akanionyesha sumaku zilizopangwa chini ya nyuzi, akazisogezea ile ncha iliyokatika, nikaiona inavutwa, tik. "Mshipi wako sumaku haziusikii kabisa." Sehemu ya pili alipiga na nyuzi tano, na wala hukujua.

Sasa mjukuu wangu naye ana miaka tisa. Nyimbo anazijua neno kwa neno kama mimi, na kwenye simu anawaona hao wasanii mpaka meno. Ila hajawahi kumwona mtu akipiga chombo mbele yake. Matamasha ya siku hizi mengi ni ya saa nne usiku, na msanii mwenyewe anakuja na flashi, anaimba juu ya sauti yake. Umeme ukikatika pale mnatazamana tu, halafu mnakwenda kulala.

Ombi langu ni kwa wenye kumbi na wenye bendi wa Mwanza. Siku ya pili ya sikukuu, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili, mahali pa wazi, kila mtoto na mkubwa wake, na bia zisubiri magharibi. Wapo vijana wanaopiga gitaa vizuri sana kwenye mahoteli huku wageni wanakula sato, hata hawageuki kuwatazama. Watupigie na sisi mara moja. Kiingilio tutalipa, na dagaa wa kukaanga nitaleta mimi.

Yule mzee alinipa ule uzi uliokatika. Nilifika nao nyumbani nimeuzungushia kidoleni, nikalala nao. Asubuhi nilipotoka nje nikakuta mama ameshautungia sato wa kuanika, ananiambia waya mzuri huu, hauli kutu, umeutoa wapi?

Muuza dagaa,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza